Mtani Msibani: Filamu za Kuchekesha na Kumbukumbu za Waliofukuzwa

Mwaka 1828 Wayahudi kadhaa wa Baghdad walishuka pwani ya Maskati. Walikuwa wamekimbia dhuluma za Daud Pasha, liwali wa Baghdad chini ya dola ya Uthmaniya, aliyewakamua matajiri wao mali na kuwatia hofu waliobaki. Wenzao walikimbilia Bushehr na Bombay. Miongoni mwao alikuwamo David Sassoon, ambaye ukoo wake ulikuja kuwa na jina kubwa katika biashara ya Asia. Luteni James Wellsted, Mwingereza aliyeitembelea Oman mwaka 1835, aliwakuta hao wa Maskati wakifua mapambo ya fedha, wakibadilisha sarafu na kuuza vileo. Aliandika pia kwamba hawakulazimishwa kuvaa alama ya kuwatambulisha, kama ilivyokuwa Misri na Sham, wala kukaa mtaa wa peke yao, kama ilivyokuwa Yemen. Mtawala wa nchi wakati huo alikuwa Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja.

Kilomita chache kutoka hapo, nyuma ya majabali, ipo Matrah, bandari pacha ya Maskati. Maskati ilikuwa na kasri na ngome. Matrah ilikuwa na soko. Misafara ya ngamia kutoka bara la Oman iliishia hapo, na majahazi ya Gujarat, Uajemi na Unguja yalitia nanga hapo. Walawatiya walikuwa na mtaa wao uliozungushiwa ukuta ufukweni, Wabaluchi walikuwa na mitaa yao, na Wahindi walikuwa na maduka yao. Baada ya mwaka 1970 ikasikika kwa wingi lugha nyingine sokoni humo: Kiswahili, katika vinywa vya watu ambao wao au wazazi wao walikuwa wameondoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Ghuba hii ndogo, basi, imewajua waliofukuzwa wa aina nyingi. Ndiyo maana swali linaloulizwa kila mara kuhusu filamu za Ulaya na Marekani si geni kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Matrah: je, inafaa kusimulia mateso ya familia iliyofukuzwa kwa kuchekesha? Swali hilo limejadiliwa zaidi kuhusu Wayahudi wa Ulaya, ambao milioni sita kati yao waliuawa na Manazi na washirika wao. Filamu zilizotengenezwa juu ya mateso yao kwa njia ya kichekesho ni chache, lakini mjadala wake ni mrefu. Kiswahili kina mizani yake ya kuupimia mjadala huo.

Upande mmoja wa mizani ni methali inayoonya: mzaha mzaha hutumbua usaha. Mwenye kuchezea kidonda hukipasua. Upande wa pili ni utani. Katika jamii nyingi za Tanzania bara, mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Huja msibani wakati watu wanalia, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema. Huzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Huingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka alipwe. Wafiwa hucheka na machozi yakiwa bado yanawatoka, na hakuna anayemshitaki kwa utovu wa adabu.

Lakini ruhusa hiyo ina bei. Mtani yuleyule anayelala kaburini ndiye aliyeshika jembe kulichimba. Ndiye anayehimiza shughuli za mazishi wakati wenye msiba hawana nguvu ya kusimama, na ndiye ambaye kesho, ukimfika yeye, atataniwa vilevile. Wazee husimulia kwamba baadhi ya utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na majirani zao, ulizaliwa baada ya vita vya karne ya 19: waliouana jana walikubaliana kutaniana leo, ili watoto wao wasiuane tena. Mzaha wa mtani, kwa hiyo, ni kazi ndani ya msiba. Mgeni anayepita njiani akasimama kucheka jeneza hana utani na mtu. Ana ufidhuli tu.

Kipimo hicho kinafaa kupimia filamu. Suali si kama mtu amecheka mbele ya maiti, bali ni kama aliyecheka ameshika jembe.

Charles Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, siku nne kabla ya Adolf Hitler. Filamu yake The Great Dictator ilitoka Oktoba 1940, wakati Marekani haijaingia vitani na wakubwa wengi wa Hollywood wakiogopa kuiudhi Ujerumani. Chaplin aliigharamia kwa fedha zake mwenyewe, akacheza nafasi mbili: dikteta Hynkel wa nchi ya kubuni ya Tomania, na kinyozi maskini wa Kiyahudi anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Kinyozi huyo aliipigania nchi yake katika vita vilivyotangulia, akapoteza kumbukumbu, akakaa hospitali miaka mingi. Anaporudi dukani kwake anakuta neno la kumtambulisha kuwa ni Myahudi limepakwa rangi kwenye kioo. Kwa kuwa hajui lililotokea nchini, anachukua kitambaa na kuanza kulifuta, kama mtu yeyote angefuta uchafu dukani mwake. Askari wa dikteta wanamshangaa, na hapo vurugu ya kuchekesha inaanza.

Katika tukio hilo kicheko kinamwangukia nani? Kinyozi anafanya jambo la akili kabisa. Wanaochekesha ni wale wanaodhani kwamba neno lililoandikwa kiooni linaweza kumgeuza jirani kuwa adui. Ndivyo ilivyo pia katika tukio la majirani wanaokula keki usiku. Wamekubaliana kwamba atakayekuta sarafu ndani ya kipande chake ndiye atakayekwenda kumuua dikteta na kufa. Hannah, msichana asiyependa mauaji, ameweka sarafu katika vipande vyote. Kila mwanamume anaikuta yake, anaimeza au anaisukumia sahani ya mwenzake kwa siri. Mtazamaji anawacheka, lakini anawacheka kama anavyomcheka ndugu yake, kwa kuwa naye angefanya hivyo hivyo. Kisha Hannah na mzee Jaeckel wanakimbilia nchi jirani, kwenye shamba la mizabibu, wakidhani wamepona. Majeshi ya Hynkel yanawafuata huko huko. Kichekesho hakiwaokoi, na Chaplin hakudanganya kwamba kiliwaokoa.

Chaplin hakuwa Myahudi, ingawa Manazi walimtangaza hivyo. Kwa lugha ya utani, hakuwa mfiwa. Alikuwa mtu wa nyumba nyingine aliyekuja na jembe lake. Na alipojua ukubwa wa msiba, aliinamisha kichwa: katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964 aliandika kwamba kama angeyajua mambo ya kutisha yaliyotendeka kambini, asingeweza kuitengeneza filamu ile. Hakuikana, lakini alikiri kwamba mzaha wake ulitangulia kaburi ambalo kina chake hakukijua.

Ernst Lubitsch alikuwa karibu zaidi na msiba. Alizaliwa Berlin mwaka 1892 katika familia ya Kiyahudi, akahamia Hollywood katika miaka ya 1920, na Manazi wakamvua uraia. Filamu yake To Be or Not to Be ilitoka mwaka 1942, mwaka uleule ambao wakuu wa Kinazi walikutana Wannsee kupanga maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya nzima. Inahusu kundi la waigizaji wa Warsaw wanaowahadaa Manazi kwa kuvaa sare zao na kujifanya wao. Baadhi ya wahakiki walikasirika: vipi mtu afanye mzaha juu ya Warsaw iliyokuwa ikiungua?

Ndani ya filamu hiyo yumo mwigizaji mdogo aitwaye Greenberg. Kila siku hupewa kubeba mkuki nyuma ya jukwaa, na kila siku hutamani kucheza nafasi ya Shylock. Msomaji wa Kiswahili anamjua Shylock kupitia tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, na anayakumbuka maneno ya yule Myahudi anayeuliza kama yeye hana macho na mikono kama watu wengine. Greenberg hapewi nafasi hiyo jukwaani. Anaipata katika ukumbi uliojaa askari wa kweli, mbele ya Hitler wa bandia, katika hila inayoweza kumgharimu roho. Hapo kicheko kinanyamaza. Aliyeicheza nafasi hiyo, Felix Bressart, naye alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani. Lubitsch alijua lini mtani anapaswa kutoka kaburini na kusimama pamoja na wengine.

Filamu iliyozua mjadala mkubwa kuliko zote ilikuja baada ya zaidi ya nusu karne. La vita è bella ya Roberto Benigni ilitoka Italia mwaka 1997, na mwaka 1999 ikapata tuzo tatu za Oscar, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume. Sehemu yake ya kwanza ni futuhi halisi, yaani mchezo wa kuchekesha wenye mapenzi na mikasa. Guido Orefice, Myahudi mcheshi, anafika Arezzo kutafuta maisha, anampenda mwalimu aitwaye Dora, na anamnyakua kutoka kwa mchumba wake mwenye majivuno. Wakati huo Italia ya Mussolini tayari ilikuwa imepitisha sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilizowafukuza Wayahudi mashuleni na kazini. Guido anajifanya mkaguzi wa shule, anapanda juu ya meza mbele ya wanafunzi, na kuwaonyesha sikio lake na kitovu chake kama ushahidi wa ubora wa mbari ya Kiitalia. Watoto wanacheka, na sayansi nzima ya ubaguzi inaporomoka mbele ya kitovu cha mtu mmoja.

Msomaji aliyelelewa na hekaya za Abunuwasi hapati shida kumtambua Guido. Abunuwasi naye ni mtu wa Baghdad, mji uleule waliokimbia Wayahudi wa Maskati, na hekaya zake ziliingia katika fasihi ya Waswahili pamoja na mengi mengine ya ulimwengu wa Kiarabu. Hana jeshi wala mali. Ana ulimi na akili, na kwa viwili hivyo humfanya sultani aonekane mjinga mbele ya baraza lake mwenyewe. Tofauti ni kwamba sultani wa Abunuwasi mwishowe hucheka, akasamehe. Katika sehemu ya pili ya filamu ya Benigni, Guido na mwanawe mdogo Giosuè wanapakiwa ndani ya gari moshi na kupelekwa kambini, na huko hakuna sultani wa kuchekeshwa.

Ndipo Guido anabuni uongo wake mkubwa. Askari wa Kijerumani anaingia kutangaza amri za kambi na kuuliza nani ajuaye Kijerumani. Guido, asiyejua hata neno, anajitokeza kuwa mkalimani. Kila amri ya kifo anaitafsiri kuwa sheria ya mchezo: atakayefikisha pointi elfu atapewa kifaru cha kweli, anayelia, anayemtaka mama yake au anayedai chakula hupunguziwa. Mtoto anaamini. Wafungwa wengine wanatazama wakiwa hawajui wamcheke au wamwonee huruma. Mama yake Giosuè, ambaye si Myahudi, amepanda gari moshi lile kwa hiari yake ili asitengane nao.

Wapinzani wa filamu hii walikuwa na hoja nzito. Kambi yake ni safi kuliko kambi yoyote iliyowahi kuwepo. Huko Auschwitz watoto wa umri wa Giosuè, karibu wote, waliuawa siku ileile waliyofika. Hapakuwa na muda wa mchezo wala pahali pa kujificha. Zaidi ya Wayahudi 7,000 wa Italia hawakurudi. Mtu aliyepoteza mtoto kambini anaweza kuuliza kwa haki: je, mwanangu alikufa kwa kuwa mimi sikuwa mcheshi vya kutosha?

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, na ndipo kipimo cha mtani kinapohitajika zaidi. Jembe la Benigni liko wapi? Sehemu yake moja imo nyumbani kwao. Baba yake, Luigi Benigni, hakuwa Myahudi, lakini alikuwa mfungwa Ujerumani kwa muda wa miaka miwili hivi, na alikaa Bergen-Belsen. Aliporudi aliwasimulia watoto wake mambo aliyoyaona, tena kwa namna ya kuchekesha, ili kumbukumbu hizo zisiwadhuru. Filamu, basi, haisemi kwamba kambi ilikuwa mchezo. Inamwonyesha baba anayetafsiri upya ulimwengu kwa ajili ya mtoto, kama Luigi alivyofanya baada ya vita, na inaonyesha bei ya tafsiri hiyo. Guido anapopelekwa kuuawa, anajua mwanawe anachungulia kutoka kwenye kijisanduku cha chuma alimofichwa. Anatembea kwa madaha, akirusha miguu kama askari wa vikaragosi, mtoto acheke. Kisha anapita nyuma ya ukuta, na bunduki inasikika. Mchekeshaji ameingia kaburini alilolifanyia mzaha, na safari hii hatoki.

Radu Mihaileanu, mzaliwa wa Romania katika familia ya Kiyahudi ambaye baba yake alinusurika kambini, alikwenda njia nyingine katika Train de vie ya mwaka 1998. Kijiji kizima cha Wayahudi kinajihamisha chenyewe: wengine wanavaa sare za Kinazi, wengine wanajifanya wafungwa, na gari moshi la bandia linaelekea kwenye uhuru. Mwenye wazo hilo ni Shlomo, mjinga wa kijiji. Mtazamaji anacheka karibu muda wote, mpaka picha ya mwisho inapomwonyesha Shlomo amesimama nyuma ya seng'enge ya kambi, akiwa na nguo za mfungwa. Safari yote ilikuwa hadithi ya kichwani mwake.

Kuna pia filamu ambayo haikutoka. Mwaka 1972 mchekeshaji wa Kimarekani Jerry Lewis alitengeneza The Day the Clown Cried, juu ya mchekeshaji wa sarakasi anayewaongoza watoto kwenda kwenye vyumba vya gesi. Haikuonyeshwa hadharani, na mwenyewe baadaye alisema aliionea aibu. Hilo nalo ni funzo. Si kila aliyefika msibani na mzaha anastahili kupewa ukumbi, na kuna heshima katika mchekeshaji anayejua kwamba mzaha wake umeshindwa, akaukunja.

Katika msururu huu ipo filamu moja inayozungumza Kiswahili. Nirgendwo in Afrika ya Caroline Link, ya mwaka 2001, inatokana na riwaya ya Stefanie Zweig juu ya utoto wake. Familia ya Redlich, Wayahudi wa Breslau, inakimbilia Kenya mwaka 1938. Walter, aliyekuwa mwanasheria, sasa ni msimamizi wa shamba kavu. Amemwandikia mkewe alete kifaa cha kuhifadhia chakula kwenye baridi. Jettel anafika na gauni la karamu. Mtazamaji wa Afrika Mashariki anacheka, na haoni haya kucheka, kwa sababu kicheko hicho hakiangukii Uyahudi wa Jettel bali majivuno yake, yale yaliyomfanya adhani kwamba dhoruba ya Ujerumani ingepita upesi na karamu zingerudi. Binti yao, Regina, anajifunza Kiswahili kwa mpishi Owuor, ambaye nafasi yake ilichezwa na Mkenya Sidede Onyulo, na mtoto anakuwa mwenyeji kabla ya wazazi wake. Wakati huohuo barua kutoka kwa ndugu waliobaki zinapungua, kisha zinakoma. Filamu hiyo si futuhi. Hata hivyo inaonyesha namna kicheko kinavyokaa chumba kimoja na msiba bila kugombana nao, na ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Afrika Mashariki imekuwa pia mahali pa kufukuza, si pa kupokea tu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mira Nair alilichukua tukio hilo katika Mississippi Masala ya mwaka 1991: familia ya Kihindi kutoka Kampala inajikuta katika hoteli za barabarani za Mississippi, na ucheshi mwingi unatokana na jamaa wanaolalamikia ubaguzi uliowafukuza huku wao wenyewe wakimkataa kijana Mweusi anayempenda binti yao. Ni kicheko kinachorudi nyumbani kwa mfiwa na kumuuliza maswali. Watani wazuri hufanya hivyo.

Msiba wa Unguja haulingani na ule wa Ulaya. Hapakuwa na mpango wa kuangamiza taifa zima duniani, wala vyumba vya gesi. Lakini kwa familia iliyompoteza baba Januari 1964, mlinganisho si jambo la kwanza. Watu wengi, hasa Waarabu na Wahindi, waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Wengine walifungwa, walinyang'anywa mali au walikimbia kwa mashua na meli. Kwa Wazanzibari wengine, siku hiyo hiyo ni siku ya ukombozi kutoka katika utawala wa usultani na kumbukumbu ya utumwa, nayo husherehekewa kila mwaka. Msiba wa namna hiyo, ambao jirani mmoja anaulilia na mwingine anaupigia ngoma, ni mgumu kuliko wote kuutania.

Picha za filamu zinazojulikana sana za siku zile hazikupigwa na mfiwa wala na mtani. Ni za Waitalia wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, katika Africa Addio ya mwaka 1966. Waliruka juu ya kisiwa wakapiga picha maiti na makaburi ya halaiki, kisha wakaziweka katika filamu inayosimuliwa kwa sauti ya kejeli juu ya Afrika nzima. Filamu hiyo ilishutumiwa kwa ubaguzi katika nchi nyingi. Kejeli yake ni ya mpita njia: iliwaona waliokufa kutoka angani, haikushuka kuwazika, na iliwatumia kuthibitisha dharau iliyokuwapo kabla ndege haijaruka. Inashangaza kwamba nchi ileile iliyotoa kejeli hiyo ndiyo iliyomtoa Benigni. Tofauti yao si ya taifa. Ni ya jembe.

Wakati huo Oman ilikuwa chini ya Sultan Said bin Taimur, aliyefunga milango ya nchi kama alivyofunga milango ya Maskati kila usiku, na anayetembea baada ya hapo ilimlazimu kubeba taa. Alipopinduliwa na mwanawe Qaboos tarehe 23 Julai 1970, nchi ilikuwa na shule tatu tu za serikali. Sultan mpya aliwaita Waomani walioko nje warudi, na Wazanzibari wakawa miongoni mwa walimu, makarani, wauguzi na maofisa wa dola mpya. Wengi walishuka na Kiswahili fasaha na Kiarabu cha kuungaunga. Na hapo historia ikafanya mzaha ambao mtunzi angesita kuubuni: mtu aliyefukuzwa Unguja kwa kuwa Mwarabu alifika katika nchi ya babu zake akaitwa Mzanzibari.

Mzaha huo ulikuwa na mizizi mirefu. Katika sensa za Unguja na Pemba za 1924, 1931 na 1948, watu wengi walihama kutoka jina moja la kabila kwenda jingine: aliyekuwa Mswahili akawa Mshirazi, mwingine akawa Mwarabu, kadiri serikali ya kikoloni ilivyogawa haki na mgao kwa majina hayo. Kisha ikaja siku ambayo jina lililoandikwa kwa karani liliamua nani aishi. Guido juu ya meza, akionyesha kitovu chake kama cheti cha mbari, angeeleweka vizuri sana katika ofisi ya sensa ya Unguja na vilevile katika soko la Matrah.

Fasihi imekwisha kuionja ladha hiyo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyekwenda Uingereza akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika katika Admiring Silence ya mwaka 1996 juu ya mtu wa kisiwani anayeishi Uingereza na kumtungia baba mkwe wake visa vya kuchekesha juu ya himaya, visa vya uongo ambavyo mzee huyo anavifurahia mno. Ni mzaha wa mkimbizi anayejificha nyuma ya maneno yake, mpaka anaporudi kwao na kukuta kwamba maneno hayo hayamsaidii. Katika filamu, Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, akaonyesha Unguja ya miaka ya 1950 ambamo binti wa Kihindi na kijana mwanaharakati wanapendana. Tamasha la filamu la Zanzibar nalo limekuwa likifanyika Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waomani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyombo vya kusimulia vipo, na ukumbi upo.

Filamu ya kuchekesha juu ya familia iliyotoka Unguja ikaishia Matrah ingepaswa kutimiza masharti ambayo filamu za Wayahudi zimeyafundisha kwa gharama kubwa. Kicheko chake kimwangukie aliyeamini daftari la makabila, si aliyeandikwa ndani yake. Kisifiche maiti wala kisizipunguze. Kimcheke pia mfiwa pale anapostahili: majivuno yake ya zamani, nasaba anazozitaja kila siku, watumishi aliowasahau katika kumbukumbu zake za karafuu, na watumwa ambao babu zao hawatajwi kabisa. Na mwenye kuitengeneza, awe mwana wa waliokimbia au mwana wa waliosherehekea, awe tayari kushika jembe kwa ajili ya wafu wa pande zote mbili.

Kuna wanaosema kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba kukaa kimya ni adabu. Methali hiyo ina busara yake, lakini inaagiza pia kuganga yajayo, na mganga hagangi kidonda asichokubali kukitazama. Nyingine inasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwa kicheko cha msibani utaratibu ni huohuo. Wafiwa wa Matrah na wafiwa wa Unguja wameshalia kwa miaka zaidi ya sitini, kila mmoja kwenye matanga yake. Wangoni na majirani zao hawakusubiri mpaka kila mmoja akubali hesabu ya wafu ya mwenzake ndipo waanze kutaniana. Walianza kwa kuhudhuria mazishi ya wenzao.